Kilichowaua Samaki wa Papa Abdoul

Bunia, komine ya Mbunya
Tarehe 14, mwezi wa tisa 2014

Kwako dada yangu mkubwa, yaya wangu mpenzi Pétronille,

Nakusalimu katika jina la Bwana, weye pamoja na shemeji Kamate na watoto wote wanaolala chini ya bati lenu. Ukitaka kujua habari yangu, niko muzima. Nimekula, nimeoga, nimeketi barazani na kikombe cha mchaichai, na mvua ya alasiri imekwisha kupita. Je, mguu wako unaendeleaje? Roger aliniambia ya kuwa sasa unatembea mpaka sokoni bila fimbo, nami nikamshukuru Mungu pale pale kando ya lori lake, hata vijana wanaopakia mizigo wakanitazama. Na biashara ya vitenge? Na jirani yako yule mgomvi, mmepatana?

Juma lililopita uliniuliza kwa simu kama ni kweli kwamba maji ya atelier yetu, karakana hii ya vyungu, yanaua. Mtandao ukakatika kabla sijajibu. Yaya, usikasirike nikisema nilishukuru ulipokatika, maana jibu lake haliingii katika simu. Nakuandikia yote kama yalivyotokea, na Roger atakukabidhi barua hii pamoja na vyungu vya safari hii. Vyungu hivyo viuze bila hofu. Soma kwanza, utaelewa.

Kazi yetu unaijua kwa sehemu. Unavipokea vyungu vikiwa tayari, lakini hujawahi kuona vinavyozaliwa. Papa Gérard, mkubwa wetu, anachanganya udongo na unga wa mbao kutoka kwa maseremala, anafinyanga, anachoma. Moto unakula ule unga wa mbao, na mahali pake panabaki vitundu vidogo ambavyo maji yanapita pole pole na uchafu unabaki nyuma. Halafu chungu kinakuja kwangu nikipake feza. Sisemi feza ya soko. Nasema ile ya pete na mikufu, ila imevunjwa vipande vidogo hata jicho haliwezi kuviona, na ndani ya maji inaonekana tu kama rangi ya asali. Feza hiyo ndiyo inayoua vidudu vya kuhara. Vidole vyangu vina madoa meusi ambayo sabuni imeshindwa nayo, na nilikuwa nikiyaona kama mapambo. Sababu ya mimi kuipenda kazi hii weye unaijua kuliko mtu yeyote, na jina la mtoto yule sitalitaja hapa mwanzoni.

Chini ya atelier kuna mabwawa ya samaki ya Papa Abdoul. Ni Mwislamu mmoja mpole, mwenye mabega mapana, aliyechimba dhahabu Mongbwalu mpaka siku shimo lilipowafunika wenzake. Akaiacha dhahabu, akaja huku, akachimba mabwawa kwa mikono ile ile. Anafuga tilapia. Bwawa la juu ni la vifaranga vya samaki, na maji yake yanatoka katika mfereji unaopita nyuma ya ua wetu. Kati ya atelier na mabwawa kuna bustani ya Alexis, kijana anayelima lengalenga na mashu, zile kabichi kubwa, anayenyunyiza dawa kwa pompi ya mgongoni. Alexis ni mtu wa Bule, kule vilimani. Alifika hapa wakati wa vita akiwa bado mdogo, akabaki.

Mwezi wa saba, maji ya bwawa la vifaranga yaligeuka kijani kizito kama sombe, majani ya muhogo yaliyotwangwa. Papa Abdoul akafurahi, maana wafugaji wanasema tilapia anapenda maji ya kijani. Lakini asubuhi moja alinipigia kelele kutoka ng'ambo ya ua. "Jeannine, kuya uone! Maji iko ile ile ya jana, lakini samaki inakufa!" Nilikimbia. Vifaranga walikuwa wakielea pembeni mwa bwawa kama majani ya muharagwe yaliyopukutika, wadogo kuliko kucha yangu, matumbo meupe juu. Walio hai walikuwa wakivuta hewa juu ya maji kwa haraka, mdomo unafunguka unafunga. Papa Abdoul aliwachota kwa ungo. Siku zilizofuata wakafa wengine, mpaka akabaki na bwawa tupu.

Unajua Bunia yetu, yaya. Bunduki zimenyamaza, lakini watu wanalala wakiwa na viatu karibu na kitanda. Jambo dogo likitokea, watu hawaulizi limetokeaje, wanauliza nani kalifanya na ametoka kilima gani. Kabla ya mchana, maneno yalikuwa yamekwisha kuzunguka avenue nzima, mtaa wote: "Ule mutu wa Bule njo alitia dawa." Kwa nini amtilie Papa Abdoul dawa? Hakuna aliyejua, na hakuna aliyehitaji kujua. Pompi ya Alexis ilikuwa ushahidi wa kutosha. Papa Abdoul mwenyewe hakumshitaki mtu. Alinyamaza tu, na kunyamaza kwake ndiko kulikoniogopesha zaidi, kwa sababu kila mtu alikijaza kimya kile kwa maneno aliyoyataka.

Jioni vijana walisimama kwenye ua wa Alexis. Mmoja aliingia akang'oa mashu mstari mzima, akayatupa barabarani. Alexis alisimama mlangoni akiwa ameweka mikono yake nje, ionekane kuwa haishiki kitu. Hakuna aliyempiga siku ile. Mama Bernadette, chef wetu, mkuu wa avenue, alitoka na kanga yake begani akawafokea, wakaondoka. Lakini walimwambia Mama ya kwamba wanampa Alexis mpaka Jumamosi, siku ya mkutano wa avenue, naye kama hajasema ukweli wake mbele ya watu, watamhamisha wao wenyewe.

Mimi nilichukua chupa, nikachota maji ya bwawa, nikaenda kwa Madame Françoise. Ni mwalimu wa elimu ya viumbe katika moja ya vyuo vya mji huu, mwanamke mrefu asiyependa haraka. Alinunua chungu kwetu mwaka jana, ndivyo tulivyofahamiana. Aliyainua maji yale kwenye mwanga wa dirisha, akauliza: "Sasa viroboto viko wapi?" Nilifikiri anataka kunichekesha. Akanieleza kwamba bwawa zuri lina viroboto wa maji, vidudu vinavyorukaruka, ambao hula ule ukijani, na vifaranga wa samaki nao hula viroboto. Hao wakiondoka, ukijani unabaki bila mlaji. Ndiyo maana maji yaligeuka sombe.

Ana ndoo anamofugia viroboto hao kwa ajili ya wanafunzi. Alinyonya mmoja kwa bomba la kioo, akamweka chini ya hadubini, akaniambia nikae. "Angalia pole pole. Usiguse meza."

Yaya, nitakuelezaje? Nimeishi karibu na maji maisha yangu yote, nimefua, nimechota, nimevuka, na sikuwahi kujua kwamba ndani yake mnaishi kitu kama kile. Mwili wake ni kama kioo. Unaona ndani yote. Utumbo wake ni uzi wa kijani, ni chakula alichokula asubuhi. Jicho ni moja, jeusi, linatikisika kana kwamba linatafuta mtu. Na nyuma ya kichwa kuna kitu kinachopigapiga haraka, haraka hata huwezi kukihesabu. Nikasema kwa sauti, bila kujua kama nasema: "Madame, minaona roho yake. Iko inapiga!" Akanijibu nisogeze jicho kidogo, nitazame mgongoni. Mgongoni, ndani ya mfuko wa kioo, amebeba watoto. Watoto wenyewe wana macho tayari, nukta nyeusi nyeusi, na wanageuka geuka mle ndani. Mama huyo mzima na mzigo wake angeweza kukaa juu ya nukta ya mwisho wa sentensi hii, akabakiza sehemu ndogo tu nje.

Niliinua kichwa, nikakuta machozi yamelowesha chuma cha hadubini. Madame Françoise aliyafuta kwa kona ya blauzi yake.

Kisha tukafanya kazi. Aliniambia nilete maji ya mahali mbalimbali: juu ya atelier, chini ya atelier, katika kijifereji kinachoshusha maji ya bustani ya Alexis, na bwawani. Nilileta yote, nikaandika majina kwenye bilauri kwa mkono wangu. Maji mengine Madame aliyatuma Kampala yapimwe. Kisha akatia viroboto katika kila bilauri, tukaziacha mpaka kesho yake. Usiku ule nilimwomba Mungu, na nitakuambia kweli, niliomba bilauri ya bustani iwe safi. Bilauri ya atelier sikuifikiria hata kidogo.

Kesho yake viroboto wa maji ya juu walikuwa wakiruka. Wa bustani ya Alexis walikuwa wakiruka. Wa bwawani na wa chini ya atelier walikuwa wamelala chini kabisa kama vumbi la mchele. Niliinama nikasoma jina lililoandikwa kwenye bilauri ya atelier, nikainama tena nikalisoma, na mwandiko ulikuwa wangu.

Madame Françoise aliniuliza siye huwa tunafanya nini pale nyuma. Nikamweleza. Zamani nilikuwa napaka feza kwa brashi, chungu kimoja kimoja. Lakini mwezi wa sita shule nyingi ziliagiza vyungu, na Papa Gérard akaamua tuvitumbukize ndani ya pipa, kazi iende mbio. Kila jioni mimi ndiye niliyekuwa naosha pipa lile. Na maji ya kuoshea nilikuwa nayamwaga katika mfereji. Yalikuwa yanapendeza, yaya, rangi ya asali. Nilikuwa nafikiri nausafisha mfereji.

Akanieleza, nami nakuandikia kama nilivyoelewa. Vipande vile vya feza ni vidogo hata katika unene wa unywele mmoja vinaweza kujipanga maelfu. Kwa kuwa ni vidogo hivyo, maji yanavimung'unya pole pole, na feza inayotoka inasambaa kila mahali. Samaki wa mtoni, akaniambia, anaishi katika vita ambavyo hatuvioni. Damu yake ina chumvi na maji yake hayana, basi chumvi inamtoroka usiku na mchana, naye usiku na mchana anaivuta tena ile kidogo iliyoko majini kupitia matamvua, yale mashavu mekundu tunayoyatupa tukimpasua. Feza inakwenda kukaa pale pale mahali pa kuvutia chumvi, inapaziba. Samaki anabaki ndani ya maji yake mazuri huku chumvi inamwishia mwilini. Kiroboto ndiye wa kwanza, kwa sababu ni mdogo kuliko wote. Nilimsikiliza huku nikivitazama vidole vyangu.

Nikamwendea Papa Gérard siku ile ile. Usidhani ni mtu mbaya. Aliketi juu ya gunia la unga wa mbao, akavua kofia. Hakubisha. Alisema pipa litaacha kazi saa ile, na akaligeuza kwa mikono yake mbele yangu. Ila aliniomba nisiseme kwenye mkutano. "Ukisema ile, batu batavunja vyungu. Watoto batarudia kunywa maji ya mutoni. Utaweza kubeba ile, Jeannine?" Alikuwa akilia. Aliniambia tungoje majibu ya maji ambayo Madame ametuma Kampala, tuwe na karatasi yenye muhuri, tueleze vizuri, kwa utaratibu.

Nilirudi nyumbani na maneno yake yananiuma, maana yalikuwa na ukweli. Weye yaya, weye uliyemzika mtoto kwa sababu ya maji, ungenishauri nini? Kila chungu kilichoko katika nyumba za watu hapa nimekigusa. Nilipofumba macho niliwaona akina mama wakivitupa jalalani. Nilipofumbua nilimwona Alexis akikusanya mashu yake barabarani, anayapangusa matope, anayapanga tena mlangoni kana kwamba yatauzika.

Jumamosi nilibeba bilauri zangu katika kikapu, nimezifunika kwa kitambaa. Madame Françoise alikuja na kioo cha kukuzia. Mkutano ulikuwa katika uwanja wa kanisa dogo, watu wamejaa mpaka kwenye ukuta. Vijana wamesimama nyuma. Alexis alikaa peke yake kwenye benchi, na pande zote mbili za benchi hapakuwa na mtu. Mama Bernadette akauliza nani ana neno kabla hajamwita mshitakiwa. Miguu yangu ilisimama kabla ya mimi.

Nilisema: "Alexis hakuua samaki. Ni siye wa atelier. Ni miye mwenyewe nilimwaga."

Sauti zilipanda. Papa Gérard aliinamisha kichwa. Nikaweka bilauri mezani, nikaeleza kila moja ilitoka wapi, na nikaomba waje waone. Wa kwanza alikuwa Mama Bernadette. Akafuata yule kijana aliyeng'oa mashu, kwa mwendo wa mtu anayetaka kuonyesha uongo. Madame akampa kioo. Alitazama bilauri ya bustani, viroboto wakaruka mbele ya jicho lake, akarudi nyuma kama aliyeguswa na moto. "Iko na jicho!" akasema. Watu wakacheka, halafu wakasukumana. Yaya, nilishuhudia avenue yetu nzima, watu waliokuja kumfukuza mwenzao, wamepanga mstari kusubiri kuona moyo wa kidudu. Wazee walivua kofia kabla ya kuinama. Mama mmoja alipiga ishara ya msalaba. Wengine walirudi mwisho wa mstari ili waone tena.

Kisha wakaonyeshwa bilauri ya atelier, na hapo hakuna aliyecheka.

Mama Madeleine, mwenye duka la sabuni, ndiye aliyeuliza swali nililoliogopa. "Kama maji ya feza inaua haka kadudu, mutoto wangu anayekunywa je?" Madame Françoise alisimama. Hakujificha. Alisema ni kweli kwamba hata maji yanayotoka katika chungu kipya yanaweza kumsumbua kiroboto. Lakini mtoto havuti chumvi yake majini, anaipata katika ugali na mboga, na mwili wake ni mkubwa mno mbele ya kile kidogo kinachopita. Ugonjwa wa maji machafu, alisema, tumeuona kwa macho na tumeuzika kwa mikono yetu. Kilichowaua samaki si chungu kilichoko mezani penu, ni pipa zima lililomwagwa kila siku katika maji madogo. Wengine walielewa. Wengine hawakuelewa, na sitakudanganya, jioni ile niliona vipande vya chungu chetu katika shimo la takataka. Mama Madeleine alikirudisha cha kwake mlangoni petu bila salamu. Baada ya juma moja alikuja kukichukua, akasema watoto wamekataa kunywa maji ya bidon la plastiki, yananuka.

Papa Abdoul alikuwa wa mwisho kutazama. Alishika kioo kwa ile mikono yake mikubwa, akakaa muda mrefu hata watu wakaanza kuondoka. Kisha akasema polepole, "Kumbe hawa njo walikuwa wananilishia samaki, na miye sikujua hata majina yao." Akaenda akaketi kwenye benchi la Alexis. Hakumwomba msamaha kwa maneno mengi. Alimwambia kwamba alinyamaza wakati alipopaswa kusema kwamba hamjui Alexis kwa ubaya, na kwamba kesho atakuja na jembe. Akaja kweli. Wakapanda upya mstari wa mashu, na yule kijana aliyeyang'oa alileta mbolea, akaiweka kwenye ua, akaenda bila kuingia. Mpaka leo akipita hamsalimii Alexis. Hakuna amani iliyokamilika hapa, kuna siku inayopita vizuri na nyingine tunayoingoja.

Bado kitu kimoja cha ajabu nikuambie. Madame alitaka kujua kifo kilifika wapi. Tukashuka pamoja kufuata maji, yeye, mimi, Papa Abdoul na vijana kadhaa wenye mabuti. Chini ya mabwawa kuna kinamasi cha mafunjo, marefu kupita mtu, na matope meusi yanayonuka kama yai lililooza. Tuliyapita tukizama mpaka magotini. Upande wa pili, mahali maji yanapotokea tena, Madame alichota kwa chujio la kitambaa, na viroboto walikuwapo, wengi, wanaruka kwenye jua. Vijana walishangilia kama goli limeingia. Akatueleza kwamba katika matope yale mna kiberiti, si kile cha kuwashia moto, ndicho kinachotoa harufu ile, na kiberiti kikikutana na feza kinaishika na kuigeuza nyeusi, kama mkufu wa feza unavyokuwa mweusi shingoni. Ikishikwa hivyo haimung'unyiki tena kwa urahisi. Tope tulilokuwa tukilizibia pua lilikuwa limesimama kati ya kosa langu na mto mzima. Hatusemi kwamba tulitegemee. Madame alikataa kabisa, alisema haijulikani litaishika kwa muda gani. Nimerudia brashi, maji ya kuoshea tunayahifadhi na kuchanganyia feza mpya, na hakuna tone linalovuka ua. Papa Gérard ameongea nami maneno machache tangu siku ile, lakini juzi aliniletea muhindi wa kuchoma, akauweka karibu na brashi zangu.

Majibu ya Kampala yalifika, yanasema kile kile bilauri zilichosema.

Sasa yaya, nimefika mahali kalamu inapokuwa nzito.

Alexis aliniomba tuoane kabla samaki hawajafa. Ilikuwa mwezi wa tano, mvua imetukuta kwenye kibanda chake cha mbegu. Sikumjibu siku ile, nilimjibu baadaye, na nilikubali. Hatukumwambia mtu, kwa sababu nilitaka weye uwe wa kwanza. Halafu mambo haya yakatokea, na mkutanoni nikasimama nikasema jina lake kama jina la jirani tu. Asubuhi ya mkutano alinikuta nikifunga kikapu, akaniambia: "Usiseme juu yetu. Sema juu ya maji tu." Nikafanya hivyo. Lakini habari yetu itakapojulikana, watu watasema nilibeba bilauri zile ili kumwokoa mwanaume wangu. Kuhusu maji siogopi, kwa sababu Madame aliwapa wanafunzi wake bilauri zisizoandikwa majina, nao wakaona yale yale. Ninachoogopa ni swali ambalo watu hawataniuliza. Kama aliyekaa peke yake kwenye benchi lile angekuwa mtu mwingine, nisiyempenda, je, miguu yangu ingesimama? Au ningengoja karatasi yenye muhuri pamoja na Papa Gérard? Nimejiuliza nikipaka feza, nikipika, nikisali. Sijui, yaya. Ningependa kukuandikia kwamba najua.

Na kuna zito zaidi. Njia mliyoshika mkikimbia wakati wa vita, mtoto wako Fifi akiwa mgongoni mwako, ilipita chini ya vilima vya Bule. Najua kijito alichonywea. Najua tangu siku ile hutaki kusikia jina la upande ule, na Roger akilitaja kwenye lori unamwambia anyamaze. Alexis alitoka katika vilima hivyo hivyo, majira yale yale, amemshika dada yake mkono, wakikimbia kuelekea huku kwetu mlikokuwa mnakukimbia. Dada yake naye hakufika. Aliponisimulia, sikumwambia habari ya Fifi. Niliona si yangu kuitoa, ni yako.

Mama hayuko, baba hayuko. Baba mdogo Josaphat atafuata utakalosema weye. Wazee wa upande wa Alexis wanataka kuleta salamu, na hakuna mlango mwingine wa kubisha isipokuwa wako. Ukikubali, nitamleta huko kwenu Mahagi kwanza, peke yake, umtazame usoni, umuulize utakalo, na ukitaka kumwambia habari ya mtoto umwambie mwenyewe. Ukikataa, nitalia, lakini sitakuchukia. Ninaomba tu jibu liandikwe kwa mkono wako, lisije kupitia mdomo wa mtu.

Msalimie shemeji Kamate, wabusu watoto, na mwambie yule jirani yako kwamba hata huku Bunia tunaombea mapatano yenu. Lala salama na mguu wako upone kabisa. Sijamwambia Alexis kwamba nimekuandikia. Yuko ng'ambo ya ua hapo, anapalilia, anaimba vibaya kama siku zote, na hajui kwamba jina lake linapanda lori kesho kwenda kwako.

Ni miye, mdogo wako akupendaye,

Kavira Jeannine